Kabula anapovua njuga: jibu kwa mwandishi wa Igoma

*Shikamoo mama. Naishi Igoma, nina miaka 27, na niliwahi kucheza ngoma kwenye kikundi kimoja cha Kisesa. Naandika riwaya ya vijana. Mhusika wangu, Kabula, ana miaka 16, anacheza bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma ya majembe. Alipokuwa na miaka 9 alibakwa na mpiga ngoma wa kikundi, rafiki wa baba yake, ndani ya stoo ya ngoma. Hakumwambia mtu. Sasa yule mwanaume amerudi kutoka Geita kuja kuwafundisha kabla ya Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema tukio lenyewe nimelificha, ndiyo maana kitabu hakina nguvu, nilieleze lote. Na mwisho nimeandika Kabula amesimama mahakamani, ukumbi umejaa wanakijiji, anamnyooshea kidole. Je, nilieleze tukio? Na mwisho huo unafaa?*

Marahaba mwanangu. Rasimu nimeisoma yote, na sura ya tatu nimeirudia. Kabla sijaingia kwenye uhariri wa vitabu vya vijana nilifanya kazi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo humu utamsikia mhariri na afisa ustawi wakipokezana.

Tukio usilieleze. Rafiki yako amesoma kama mtu ambaye jambo hili halijamkuta, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kitabu chako hakitasomwa na watu kama yeye tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatoka 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Chukua darasa lolote la kidato cha tatu hapo kwenu. Likiwa na wasichana 20, kwa hesabu hiyo sita wanamjua Kabula kabla hawajafungua kitabu. Mwandikie huyo kwanza. Yeye hana haja ya kuelezwa kilichotokea stoo. Anatafuta kama kuna mwenzake aliyebaki na kile kilichofuata, na jinsi alivyoishi nacho.

Tena yupo msomaji mwingine ambaye simtaki kabisa, yule anayetafuta kutazama. Mwili wa mtoto wa miaka 9 ukiandikwa kwa kina, hata kwa nia njema, unamfikia na yeye.

Nguvu unayoitafuta unayo tayari, ila umeipita mbio. Ni ukurasa wa 31. Kabla ya mazoezi vijana wanawasha moto wa majani makavu kukanza ngoma ili ngozi zikaze. Umeandika "Moshi ulipanda, Kabula akakohoa," kisha ukaenda zako kwenye mavazi. Rudi hapo, mwanangu! Aliyemfanyia ukatili ni mpiga ngoma, na palipofanyika ni stoo ya ngoma. Waliopitia haya mara nyingi hawakumbuki kwa mpangilio kama mtu anayesimulia safari. Kumbukumbu huja na harufu, na sauti, na mguso, na mwili huitika kabla akili haijapata neno. Nimejaribu hivi kwa penseli, pembeni mwa karatasi yako:

"Ngozi ikaanza kunuka moto. Kabula alikuwa anafunga njuga mguu wa kulia, fundo la pili, vidole vikaacha kufunga. Akaviona vimelala pale juu ya kamba kama vya mtu mwingine. Kuna mtu anaita. Ni Doto, anasema tumechelewa."

Hakuna tukio hapo. Msomaji wa kawaida atajua kuna kitu, na yule wetu atajua ni nini. Fanya hivyo mara tatu au nne katika kitabu kizima, kila mara ongeza kidogo: mlango wa bati, redio iliyokuwa inatangaza mpira, ukungu wa mbele ya macho. Basi. Hapo utakuwa umesema yote bila kumvua nguo mtoto.

Sura ya nne Kabula anajilaumu kwamba hakupiga kelele, na bibi yake anamjibu, "Ungepiga kelele, mjukuu wangu, tungekuja." Umeiandika kama sentensi ya upendo, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ipangue. Hofu ikipita kiasi mwili huganda, sauti hukata, na hilo haliamuliwi na mtoto wala mtu mzima. Msichana aliyeganda akisoma maneno ya huyo bibi atafunga kitabu chako akiwa na mzigo mzito kuliko alipokifungua. Lakini kuganda kwenyewe kuache, maana ndipo riwaya yako ilipo. Huyu ni mchezaji. Kila msuli wake unaitikia ngoma, watu wanamshangilia kwa jinsi mwili wake unavyomtii, na yeye anajua kwamba siku aliyouhitaji mwili huo haukumtii. Ameununia kwa miaka 7. Hapo una kitabu kizima.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo. Neno "kuharibiwa" nimelikuta mara 11. Mama anasema "mwanangu kaharibiwa", jirani analisema, hata msimulizi wako analisema. Najua ndivyo tunavyozungumza mitaani, kwa hiyo mama aseme, jirani aseme. Msimulizi asiseme. Tunasema gari limeharibika, maziwa yameharibika. Neno hilo linamtia mtoto katika kundi la vitu, na aliyefanya anatoka mlango wa nyuma, anabaki mtoto peke yake na ubovu ambao si wake. Andika "alimbaka" pale panapohitaji neno hilo, na mtendaji awe mwanzoni mwa sentensi.

Neno "kuchezewa" nalo lina kasoro hiyohiyo, lakini usilitupe, kwa sababu Kiswahili kimekupa kitu cha thamani humo. Ngoma tunaicheza. Mtoto anacheza. Ongeza viambishi viwili, iwe kuchezewa, na mwenye mwili si mtendaji tena. Kabula ni mchezaji aliyechezewa. Umesema anatunga nyimbo na anatamani siku moja awe ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za kikundi. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa maneno, basi hilo atalisikia. Mpe kipindi kimoja cha Kiswahili. Mwalimu anafundisha mnyambuliko wa vitenzi, anaandika ubaoni cheza, chezea, chezewa, chezeka, wavulana wa nyuma wanaanza kucheka na darasa zima linafuata. Kabula hacheki. Ananakili ubao, na akifika neno la tatu kalamu inatoboa karatasi. Usiongeze maelezo. Mwalimu afute ubao, kengele igongwe.

Yule mwanaume umemchora vibaya. Macho mekundu, gongo, watoto wanamkimbia. Anayemfanyia mtoto ukatili mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani na kuaminiwa, na wazazi wanalala usingizi kwa sababu mtoto yuko naye. Huanza na zawadi. Halafu inakuja siri ndogo isiyo na ubaya wowote, "usimwambie mama nimekununulia soda," na mtoto anajifunza kwamba kati yao kuna mambo ya kutosema. Mfanye awe mpiga ngoma bora kuliko wote Kisesa. Msomaji ampende sura ya kwanza, amcheke utani wake. Na zile njuga za kwanza za Kabula, ambazo sasa umesema alinunuliwa na baba, ziwe zimetoka kwake. Zimembana lakini hajazibadilisha, na hakuna anayejua kwa nini.

Kuhusu jinsi anavyosema, nitakusimulia jambo moja, nikiwa nimebadilisha mengine ili mwenyewe asitambulike. Miaka hiyo nilikuwa namtembelea binti mmoja kando ya ziwa. Mara nne nilikwenda, tukakaa kwenye viti, nikamuuliza habari za shule, akanijibu kwa heshima na hakusema kitu. Mara ya tano nilimkuta ameinamia turubai, anachambua dagaa, anatoa mchanga na vipande vya nyasi. Nikavua viatu nikakaa naye, nikaanza kuchambua. Tulikwenda kama nusu saa. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Kuna mtu alikuwa ananifanyia." Akaendelea kuchambua. Nilitamani kumshika mkono. Sikumshika. Nikamwambia nakuamini, na si kosa lako, mikono yetu sote miwili ikiwa bado kwenye dagaa. Siku hiyo alisema sentensi tatu tu. Nyingine zilikuja wiki zilizofuata, na katikati aliwahi kunikana, akasema alinidanganya, akarudi tena.

Kwa hiyo ile sura ya tisa, ambapo Kabula anamsimulia bibi kila kitu usiku mmoja kwa kurasa sita huku akilia, ivunje vipande. Asemee kwenye kazi. Kisesa si mwaloni kwa wavuvi, lakini kuna kupepeta, kuna kumenya karanga, kuna kusuka nywele ambako anayesema na anayesikia hawatazamani. Apime kwanza kwa swali la kuzunguka: "Bibi, hivi yule mwalimu wa ngoma mlimjuaje?" Na aikane mara moja. Wasomaji wako watu wazima watadhani umekosea. Mabinti hawatadhani hivyo.

Kikao cha familia umekiandika vizuri mno na sina la kugusa. Baba mkubwa anaposema "tuyamalize nyumbani," na wanaume wanaanza kuhesabu ng'ombe kana kwamba Kabula hayupo nyuma ya pazia, niliweka karatasi chini nikatoka nje. Ongeza kitu kimoja tu: mtu mmoja kwenye kikao ajue kwamba hilo haliruhusiwi, na aseme. Kesi ya namna hii ni ya Jamhuri, si ya ukoo, ng'ombe hawaifuti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Shangazi yake muuza mitumba anaweza kuwa huyo.

Tufike mahakamani. Mwisho wako hauwezi kutokea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana utolewe kwa faragha. Wanakijiji hawatakuwemo ukumbini, na ushahidi huo hautangazwi. Hili si jambo dogo la kusahihisha na kupita, maana kuna msichana atakayeacha kwenda polisi kwa sababu kitabu chako kilimwonyesha kwamba atasimama mbele ya kijiji kizima. Riwaya ya vijana kuhusu jambo hili inasomwa kama ramani, utake usitake, na ukichora njia isiyokuwepo kuna mtu atapotea. Afadhali njia yenyewe uiandike ilivyo. Kabula na bibi, au shangazi, wanaingia kituo cha polisi, wanauliza Dawati la Jinsia na Watoto. Wanapewa PF3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, wanakwenda nayo hospitali. Yupo afisa ustawi wa jamii. Ipo namba 116, simu ya watoto, haina malipo, na inaweza kuwa imeandikwa kwenye ukuta wa shule ambao Kabula ameupita miaka yote bila kuusoma.

Daktari hataona kitu baada ya miaka 7. Umefanya kesi itake kufa hapo, na si lazima. Mwaka 2006, katika rufaa ya Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi ulio bora katika kosa la ubakaji ni wa aliyetendewa mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu kutiwa hatiani kwa ushahidi huo peke yake mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Lakini usiifanye rahisi. Mahakama hiyohiyo, katika rufaa ya Marwa Wangiti Mwita iliyoripotiwa 2002, ilisema uwezo wa shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema unaupa ushahidi wake uzito. Wakili wa utetezi atauliza alikuwa wapi miaka yote, kwa nini aliendelea kuvaa njuga alizopewa na mtu huyo. Swali hilo Kabula atalijibu kwa kiapo, maana kwa miaka 16 anaapa kama mtu mzima (wasioapa na badala yake huahidi kusema kweli ni watoto wasiozidi miaka 14). Umetamka pia kifungo cha miaka 30. Alikuwa na miaka 9, na kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha.

Baada ya yote hayo, ushauri wangu ni kwamba hukumu isiwe ndiyo mwisho. Ukimfungia Kabula uzima wake kwenye kinywa cha hakimu, utamwambia nini msomaji ambaye kesi yake haikufika, au ilifika ikashindwa? Hukumu iache nje ya kitabu, au iseme kwa mstari mmoja. Mwisho wako uko Bulabo, na wewe uliyecheza pale unajua kuliko mimi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, Wagika huku na Wagalu kule, na watazamaji wanakimbilia wanaofurahisha zaidi, ushindi unapimwa kwa miguu ya watu. Hiyo ni mashine ya kutazamwa. Kabula amekulia humo, mwili wake ukiwa ndiyo nyavu ya kuvuta umati.

Najua kishawishi cha kumfanya ningi atunge wimbo wa kumtaja yule mwanaume hadharani, na kwenye rasimu ya kwanza ulikuwa nao, nimeona umeukata. Umekata vyema. Umati ungemgeukia mwanaume kwa dakika tano na binti kwa miaka iliyobaki. Afanye kitu ambacho ni chake tu. Ngoma imekolea, majembe yanarushwa na kudakwa, watu wanamiminika upande wao. Yeye analiweka jembe chini taratibu, anakaa pale pale uwanjani, kama wanavyokaa kwenye wigashe, ngoma inayoimbwa watu wameketi. Anafungua fundo la kwanza, la pili. Njuga zinabaki kwenye udongo. Umati unaondoka, kikundi kinashindwa, mwenyekiti anafoka. Bibi peke yake ndiye anayeelewa. Kisha, kurasa kadhaa mbele, nyumbani jioni, bila ngoma na bila mtazamaji, acheze. Vibaya kidogo, maana hajawahi kucheza bila njuga, hajui miguu yake inasikika vipi. Ngoma haimponyi katika kitabu hiki, na nakuomba usije ukaandika hivyo. Inarudi mikononi mwake.

Wala asife. Nasema hivi kwa sababu ziwa letu lina historia yake. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, alitoa *Rosa Mistika*, akaandika waziwazi jinsi wanaume wenye vyeo wanavyomtumia binti, na kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda kabla ya kuruhusiwa. Ulikuwa ujasiri mkubwa, nakiheshimu. Lakini Rosa anajiua. Tangu hapo nimepokea miswada mingi ambayo binti aliyefanyiwa ukatili anazama ziwani ukurasa wa mwisho, kana kwamba mwandishi hakuona pengine pa kumpeleka. Mpeleke kidato cha nne. Agombane na Doto kuhusu kitabu cha jiografia.

Swali la kama amsamehe hukuniuliza, ila sura ya 13 mchungaji anamshika mkono na kumtaka asamehe, na yeye anatii. Mchungaji aombe, Kabula anyamaze. Asilazimishwe.

Na wewe je? Umeniandikia kwamba ulicheza Kisesa, na sura ya tatu ina mambo ambayo mtu hayatungi kirahisi. Sikuulizi. Kama kuiandika kunakukosesha usingizi, acha kalamu wiki mbili, hakuna mchapishaji anayekukimbiza. Dawati la jinsia linapokea na watu wazima, na makosa ya namna hii hayafi kwa kupita miaka. Kama ni hivyo, na kama utapenda, mimi nipo. Njoo hata na dagaa wa kuchambua.

Sura ya 11, ile ya Bulabo, iandike upya kabla ya nyingine, unitumie hiyo peke yake. Anza anapoinamia fundo la kwanza.